Vichuguu Viko Wapi?

Ilipofika saa nne asubuhi Hilary alikuwa ameshaisikia methali ya kuziba ufa mara tatu, na wasailiwa walikuwa wamepita wawili tu. Wa pili aliitumia mara mbili, akiingia kwenye swali la vihatarishi na akitafuta pa kutokea. Ukumbi waliokodi ulipakana na mashine ya kukoboa mpunga, na kila mashine ilipowashwa, Osward alilazimika kurudia swali kwa sauti ya mhubiri wa sokoni. Pumba laini liliingia dirishani likatua juu ya vyeti vya watu.

Shirika lilikuwa linatafuta meneja wa mradi. Mradi wenyewe ulikuwa ghala la mpunga la wakulima mia sita na ishirini wa Lisonga, kijiji cha ng'ambo ya mto, na mkandarasi alikuwa anasubiri kusaini wiki ijayo ili aanze kabla ya mvua. Kiwanja kilishapatikana. Alikitafuta Hilary mwenyewe mwezi wa nane, na kwa kiwanja kile alipata barua ya pongezi kutoka makao makuu, ambayo mkewe aliitia fremu akaitundika sebuleni pembeni ya picha ya ndoa. Mkataba wake wa kazi ulikuwa unakwisha Desemba. Barua ile ndiyo iliyokuwa inampa usingizi.

Jopo lilikuwa la watu watatu. Osward, wa rasilimali watu, alitoka Dar es Salaam na fomu za alama, akazishika kwa heshima ambayo wengine huwawekea watoto wachanga. Bernadetha, mkurugenzi, mama wa miaka kama sitini hivi, alikuwa na mwezi mmoja tu tangu ashike kiti. Aliyesaini barua ya Hilary alikuwa ameshastaafu. Mama huyu alisema kidogo na kuandika kidogo zaidi. Wa tatu ni Hilary, aliyewekwa pale kama mwenyeji. Na kweli alizaliwa Ifakara, mtaa wa Viwanja Sitini, mtoto wa fundi cherehani aliyeshuka kutoka Mahenge. Uenyeji huo aliupenda. Wageni wakimuuliza habari za bonde, alijibu kabla swali halijakwisha.

“Wa tatu ni Tekla,” Osward alisema akipekua wasifu. “Stashahada ya kilimo. Hana shahada. Miaka kumi na minne kazini, mitano ya mwisho Kiberege, mradi mdogo wa mbegu.” Akageuza karatasi kuona kama nyuma kuna kitu. Hakukuwa na kitu.

Tekla aliingia akiwa amevaa gauni la kitenge na viatu vyeusi alivyovifuta vumbi mlangoni, maana walimwona akifanya hivyo. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na minane, mikono mipana, uso usio na haraka.

“Shikamoo mama,” alimwambia Bernadetha kwanza, kisha akawageukia wanaume. “Habari za asubuhi, ndugu zangu.”

“Marahaba, mwanangu. Kaa.”

Osward alianza. “Tueleze maana ya uchambuzi wa vihatarishi katika mradi.”

“Ni kujiuliza kabla hujaanza nini kinaweza kuharibika, kitamharibikia nani, na nani atakuwa wa kwanza kujua.”

Osward alisubiri ziada. Wawili waliotangulia walikuwa wamechora majedwali hewani kwa vidole, nyekundu huku, kijani kule. “Uwezekano na athari je?” alimsaidia.

“Navyo vimo. Ila nimeona watu wanajaza jedwali la uwezekano na athari wakiwa ofisini, na anayejua jibu yuko shambani anapalilia. Jedwali linajaa, jibu linabaki shambani.”

Hilary alitabasamu, akajifanya anatafuta kalamu. Alipenda mtu asemaye neno lake kisha akanyamaza.

“Tupe mfano,” Osward alisema, “wa kihatarishi ulichoshindwa kukiona.”

Hilo ndilo swali lililokuwa limewavunja miguu wenzake. Wa kwanza alisema udhaifu wake ni kufanya kazi kupita kiasi. Wa pili alimtaja mtu mwingine. Tekla aliweka mikono yake juu ya meza.

“Kiberege, mwaka juzi. Kaya arobaini. Nilipanga kila kitu, mvua kuchelewa, viwavi, trekta kuharibika. Mbegu ilikuwa nzuri, inaiva wiki tatu kabla ya mbegu ya kienyeji. Nikawaambia watu, mwaka huu mtakula mapema. Na kweli ikaiva. Bonde zima bado kijani, tumeiva sisi peke yetu. Ndege kwelea wa Kilombero yote wakaja kula kwetu.”

Bernadetha alicheka kabla hajajizuia. “Mashamba mangapi?”

“Yote arobaini, mama. La mama yangu mzazi lilitangulia.”

“Ukafanyaje?”

“Nilipanda dungu. Siku kumi na tisa nimesimama juu ya jukwaa la miti naamia ndege pamoja na wenye mashamba, debe mkono huu, kombeo mkono huu. Tuliokoa theluthi. Tulipomaliza niliitisha mkutano nikawaambia kosa ni langu, si la mbegu wala la ndege. Nilikuwa nimeangalia shamba la mkulima, sikuangalia la jirani yake. Msimu uliofuata hatukugawa tena mbegu kwa kaya moja moja. Kitongoji kizima kinapanda au hakipandi kabisa. Wote wakiiva siku moja, ndege wanagawanyika.”

“Walikubali tena?”

“Thelathini na moja walikubali. Tisa walikataa, na walikuwa na haki yao.”

“Kwa hiyo,” Osward alisema huku kalamu ikielea juu ya fomu, “mradi ulishindwa.”

“Mwaka wa kwanza ulishindwa, ndiyo.”

Hakuongeza *lakini*. Hilary alimtazama yule mwanamke akamheshimu papo hapo, heshima ile inayomjia mtu bila ruhusa yake. Yeye mwenyewe, katika miaka yake kumi na miwili kazini, hakuwa amewahi kuandika neno *nilikosea* kwenye ripoti. Aliandika *changamoto zilijitokeza*, kana kwamba zilitoka mahali zikaja zenyewe kwa basi.

Likaja swali la sita. Osward alisogeza mezani karatasi moja iliyokuwa inazungushwa kwa wasailiwa wote, picha kubwa ya kiwanja cha Lisonga na maelezo machache chini yake. Alikuwa ameichomoa kwenye ripoti ya mradi jana yake, akaichapisha bila kuisoma hadi mwisho. “Hapa ndipo ghala litajengwa. Taja vihatarishi vitatu vikubwa na namna ya kuvipunguza.”

Waliotangulia waliitupia picha jicho moja, kisha wakataja kupanda kwa bei, vibali na rushwa. Tekla aliivuta karibu akaisoma kama watu wasomavyo barua ya posa, kutoka juu mpaka chini. Alipofika chini kabisa alitulia kidogo. Kisha akainua macho, na yalipokutana na ya Hilary aliyashusha tena.

“Picha hii ilipigwa mwezi gani?”

“Wa nane,” Hilary alijibu.

“Ahsante.” Alikunja ukingo wa chini wa karatasi taratibu, kama mtu anayechezea tu kitu mkononi, akaigeuza iwaelekee wao. “Naomba niulize swali moja. Vichuguu viko wapi?”

Mashine ya jirani ilikuwa imezimwa, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusingizia kutosikia.

“Vichuguu?” Osward alisema.

“Vya mchwa. Kule kwetu mbugani, kwenye mashamba ya bondeni, mtu akitaka kujenga hatafuti uwanja safi, anatafuta kichuguu. Mchwa hajengi mahali maji yanapolala. Angalieni hapa.” Kidole chake kilipita juu ya kiwanja. “Pamenyooka, pamesafishika, hakuna kichuguu hata kimoja, hakuna hata mti. Sasa angalieni kule nyuma, kushoto. Kimoja, viwili, vinne, na vichaka juu yake. Maji ya masika yanaishia pale. Hapa mbele ni njia yake.”

“Labda vilichimbwa,” Osward alisema. Hakuwa mjinga. “Watu hufyatulia matofali udongo wa vichuguu.”

“Kweli, wanafyatua. Lakini kichuguu kikichimbwa kinaacha shimo na udongo mwekundu. Hapa ni majani matupu.”

“Udongo ulipimwa. Ripoti inasema ni mzuri.”

“Ni mzuri sana, ndugu yangu. Ni wa mpunga.”

Bernadetha aliegemea mbele. Hilary aliikumbuka ile sentensi kwenye ripoti, aliyoiandika kwa mkono wake na kuionea fahari: *eneo ni tambarare, halina vikwazo wala halihitaji kusafishwa.* Vichuguu vile vinne aliviona siku ile. Alimwambia dereva, bahati yetu haviko upande huu.

“Kulikuwa na mkutano wa kijiji,” Hilary alisema. “Watu wote walikubali.”

“Waliulizwa swali gani?”

“Kama eneo linafaa.”

Tekla aliitikia kwa kichwa, bila kejeli yoyote. “Mtu ametoka mbali amekuja na ghala. Amekaribishwa, amekula. Nani asimame amwambie hapafai? Kule mgeni hapingwi usoni. Watu husema ndiyo, kisha husubiri aone mwenyewe. Si uongo, ni adabu. Ila adabu hiyo inaweza kulizamisha ghala.”

“Wewe ungewauliza nini?” Bernadetha alisema.

“Nisingeuliza mkutanoni, mama. Ningemfuata mtu mmoja kwake, nikamuuliza: wewe ungejenga nyumba yako pale?” Akaiweka karatasi mezani, ukingo wake bado umekunjwa. “Hicho ndicho kihatarishi changu cha kwanza. Cha pili na cha tatu nitavitaja, lakini hiki kisipoondoka, hivyo vingine havina kazi. Na dawa yake ni rahisi. Lisogezeni ghala hatua mia nne.”

Alitaja cha pili na cha tatu vizuri tu, akashukuru, akatoka kwenda kusubiri barazani, maana vyeti halisi vilikuwa bado vinakaguliwa.

Osward alijumlisha. “Anajieleza. Lakini hana shahada, na amekiri mwenyewe kwamba mradi ulimshinda. Na hii habari ya mchwa siioni kwenye fomu.”

Bernadetha alivua miwani. “Mwenyeji wetu ni Hilary. Baba, ni kweli haya ya vichuguu, au ni mambo ya wazee tu?”

Swali lilikuwa jepesi mno. Angesema *mambo ya wazee*, na Osward angefurahi, na alama za Tekla zingeanguka hapohapo. Mkandarasi angesaini. Pongezi ingebaki ukutani na Desemba ingempita salama. Kuhusu masika, nani ajuaye, miaka mingine maji hayafiki.

“Nipe dakika tano, mama,” Hilary alisema. Akaichukua ile karatasi akatokea mlango wa nyuma, upande wa lundo la pumba.

Ukweli ambao hakuwahi kumwambia mtu ni kwamba hakuwa amekaa mbugani hata msimu mmoja. Wenzake wa shule walipokuwa wanahama na wazazi wao kwenda kulima, yeye alibaki mjini akimshikia baba yake futi. Bonde alilijua kwa dirisha la gari. Mgeni angeuliza, yeye alikuwa mwenyeji, akaona haya kuuliza.

Alimpigia Agapiti, mzee aliyekitoa kiwanja kwa niaba ya kijiji.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba, baba. Ghala letu linakuja?”

“Linakuja. Mzee, nina swali, na naomba unijibu kama mwanao, usinijibu kama mgeni. Pale tulipopima, wewe ungejenga nyumba yako?”

Agapiti akacheka, kicheko cha muda mrefu, cha mtu aliyetuliwa mzigo.

“Pale? Baba, pale mwezi wa nne tunatega migono ya kambale. Hata wale wa kukaushwa uliokula siku ile kwangu, ukaomba na wa kumpelekea mama watoto, walitoka palepale.”

“Mbona hukuniambia, mzee?”

“Ulikuwa umeshapapenda,” Agapiti alisema kwa upole. “Na hukuniuliza.”

Hilary alikata simu akasimama pale, pumba likimwangukia mabegani. Alikuwa amekula ushahidi kwa ugali, akaulamba na vidole. Bado alikuwa peke yake, hakuna aliyesikia simu ile. Angeweza kurudi ndani na maneno yoyote ayatakayo.

Alitazama ile karatasi, akaukunjua ukingo wake bila kufikiri. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, palikuwa na mstari aliousahau: *Picha na pendekezo la kiwanja: Hilary, ofisa mradi, Ifakara.*

Akausoma mara mbili. Kwa hiyo Tekla alijua. Alijua tangu alipoisoma karatasi hadi chini, kabla hajasema lolote. Aliyechagua kiwanja alikuwa amekaa mbele yake na fomu ya alama mkononi, naye alilisema lote, hakulipunguza hata neno, ila jina la mtu alilikunja likabaki ndani. Hilary alijaribu kufikiri kama angeweza kufanya hivyo yeye, akiwa anatafuta kazi. Asingeweza. Angenyamaza kuhusu vichuguu, au angelitaja jina. Mtu anayeweza yote mawili kwa pamoja hakuwa amemwona bado, si Dar wala Morogoro, na huyu alikuwa Kiberege miaka mitano, saa moja tu kwa basi, akiamia ndege.

Mficha ugonjwa kifo humuumbua, baba yake alizoea kusema akiona mshono mbovu, kisha anafumua nguo nzima. Hilary alirudi ndani akaiweka karatasi mbele ya Bernadetha, ikiwa imekunjuliwa.

“Ni kweli, mama. Nimempigia mzee aliyekitoa kiwanja. Masika pale wanavua samaki.” Akaweka kidole chini ya jina lake. “Na kiwanja hiki nilikichagua mimi. Nilikosea. Sikuuliza.”

Neno lile lilikuwa gumu kinywani kwa sababu halikuwa na mazoea. Osward aliacha kuandika. Bernadetha alilisoma jina, akaupapasa mkunjo kwa ukucha wake.

“Aliukunja yeye?”

“Ndiyo, mama.”

“Mimi nilidhani anacheza na karatasi.” Akavaa miwani. “Osward, mpigie mkandarasi, mwambie asubiri. Habari ya kiwanja na ya Hilary nitazungumza naye mwenyewe, leo jioni. Waliobaki tuwasikilize kwa haki yao. Lakini kwenye fomu yako ongeza mstari, uandike mchwa.”

Waliwasikiliza wawili waliobaki. Walikuwa watu wazuri. Hata mmoja wao hakuuliza picha ilipigwa mwezi gani, na saa nane mchana jopo halikuwa na cha kubishania.

Kurudisha vyeti ilikuwa kazi ya Osward, lakini Hilary aliviomba vya Tekla avipeleke mwenyewe. Alimkuta barazani, viatu amevivua, ameviweka kando ya benchi vikiwa vimeelekea nje.

“Vyeti vyako, dada. Matokeo utapigiwa kesho, mimi sijasema kitu.” Akasita. “Ila nunua viatu vya matope.”

Tekla alivipokea kwa mikono miwili. Uso wake ulifunguka polepole, akashukuru kwa sauti ndogo, akavaa viatu vyake.

“Jina langu uliliona,” Hilary alisema.

“Nililiona, kaka.”

“Ukalificha. Kwa nini? Ungelisoma tu mbele yao, usingekuwa na haja na mimi.”

“Mtu akiaibishwa mbele ya watu anaziba masikio. Mimi nilitaka usikie.” Alivifunga vyeti kwenye mfuko wa plastiki, akaubana hewa itoke. “Lile ghala ni la watu, kaka Hilary. Ukijitetea, linajengwa palepale.”

Hilary alikaa kwenye benchi, upande ule vilipokuwa viatu. Mashine iliwashwa tena, akangoja mpaka izoeleke masikioni.

“Na kama ningenyamaza? Niliulizwa mimi. Ningesema ni mambo ya wazee, na kazi usingepata.”

Tekla alifikiri, jinsi alivyofikiri kwa kila swali la siku ile.

“Hicho ndicho kihatarishi pekee,” alisema, “ambacho sikuwa na dawa yake.”